Kiriba, Si Mfuko: Hesabu ya Plastiki ya Mimea Arusha na Moshi

Mwaka 1964 nchi hii ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za katani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa zimebaki karibu tani 20,000. Sababu za anguko lile ni nyingi na watu bado wanabishana juu yake, lakini sokoni aliyeiondoa katani anajulikana: kamba ya polipropilini. Ilikuwa nyepesi, unene wake ulikuwa uleule kutoka mwanzo wa robota hadi mwisho, na bei yake ilishuka kila viwanda vya kemikali vilipopanuka. Mkulima wa Ulaya aliyefunga majani ya ng'ombe hakuwa na ugomvi na mmea. Alipiga hesabu tu.

Sasa gurudumu linataka kuzungushwa kinyumenyume. Mijini Arusha na Moshi mazungumzo ya plastiki itokanayo na mimea yameshika kasi tangu rambo zilipopigwa marufuku Juni 1, 2019, na kila mwenye wazo la kiwanda huanza na sentensi ileile: malighafi tunazo. Miwa ipo Arusha Chini, migomba imejaa mlimani, muhogo utatoka Tanga, mabua ya mahindi yanachomwa bure. Ni kweli zipo. Tatizo ni kwamba kuwa na malighafi ndiyo sehemu rahisi kuliko zote katika biashara hii.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo matangazo huyachanganya kwa makusudi. Kutoka kwenye mmea ni jambo moja, kuoza ni jingine. Polietilini iliyotengenezwa kwa ethanoli ya miwa ni polietilini ileile ya mafuta ya petroli, molekuli kwa molekuli: ukiitupa Mto Karanga itakaa humo miaka kama ndugu yake. Upande wa pili, PBAT, plastiki inayooza vizuri kwenye udongo na inayotumika katika mifuko mingi ya mboji duniani, kwa kawaida hutengenezwa kwa petroli. Anayeuza "asili" na anayeuza "kuoza" wanauza bidhaa mbili, kwa wateja wawili, kwa bei mbili.

Tuanze na asili, kwa sababu ndiyo inayowavutia wenye fedha. Njia ya ethanoli inaeleweka: molasi inachachushwa, ethanoli inatenganishwa kwa mvuke, kisha inapitishwa juu ya kichocheo cha alumina kwenye joto la nyuzi 300 hadi 450. Maji yanatoka, inabaki gesi ya ethilini, ambayo ndiyo huunganishwa kuwa polietilini. Kwa nadharia kilo 46 za ethanoli hutoa kilo 28 za ethilini. Kiwandani, ukihesabu upotevu, tani moja ya polietilini hula takriban lita 2,300 za ethanoli.

Chukua kiwanda cha sukari cha TPC, kilichoko Arusha Chini, kusini mwa Moshi. Kinatoa zaidi ya tani laki moja za sukari kwa mwaka, maana yake kinakamua miwa kama tani milioni moja. Molasi huwa karibu asilimia 4 ya uzito wa miwa, hivyo tani 40,000. Tani moja ya molasi hutoa lita 250 za ethanoli pakienda vizuri. Jumla ni lita milioni 10, sawa na tani 4,300 hivi za polietilini kwa mwaka, na hiyo ni molasi yote, hata tone lisibaki kwa ng'ombe. Kiwanda cha polietilini ya miwa cha Braskem kule Triunfo, Brazili, kilichoanza mwaka 2010, sasa kina uwezo wa tani 260,000. Ungehitaji Arusha Chini sitini kumfikia. Na mtambo wa ethilini haupungui gharama kwa kupungua ukubwa: ukiupunguza mara sitini, gharama ya ujenzi kwa kila tani inapanda vibaya, kwa kuwa fundi, kompresa na vifaa vya usalama vinahitajika vilevile.

Bei ndiyo inayofunga mjadala. Tuseme lita ya ethanoli ni senti 70 za dola. Lita 2,300 ni dola 1,610, kabla hujawasha tanuri. Polietilini ya kawaida kwa miaka mingi imezunguka kati ya dola 1,000 na 1,300 kwa tani. Brazili inaweza kwa sababu ethanoli yake ni nyingi na rahisi, na ina wateja wa Ulaya na Japani wanaolipa nyongeza ili waandike neno "mmea" kwenye chupa. Hapa, ethanoli ileile ikienda kwa watengenezaji wa vinywaji vikali inapata bei nzuri siku hiyohiyo. Wilayani Mwanga tayari kuna kiwanda kinachogeuza molasi kuwa ethanoli, na hakina sababu ya kuisafirisha kwenda kufanywa ndoo.

Makapi ya miwa nayo husemwa kana kwamba yametupwa. Hayajatupwa. Yanachomwa kwenye boila kutoa mvuke na umeme wa kiwanda. Atakayeyataka kwa ajili ya sahani za kufinyangwa atalipa angalau thamani ya kuni zake, kisha atafute umeme wa kuziba pengo. Biashara ya sahani hizo inaweza kusimama, lakini isipangwe kwa malighafi ya bei sifuri.

Njia ya pili ni PLA, plastiki nyingine ya mimea ambayo sukari yake huchachushwa kuwa asidi laktiki badala ya ethanoli. NatureWorks walifungua kiwanda Blair, Nebraska, mwaka 2002, na leo kina uwezo wa tani 150,000 kwa mwaka. Mtambo wa Rayong, Thailand, una tani 75,000. Chini ya hapo hesabu zinakuwa ngumu. Kuna usumbufu mwingine usiotajwa kwenye mawasilisho: bakteria wa laktiki hufa tindikali ikizidi, hivyo unaweka chokaa, kisha unaondoa chokaa kwa asidi ya salfa, na kila tani ya asidi laktiki inakuachia karibu tani moja ya jasi yenye uchafu. Uipeleke wapi? Anayejibu "kiwanda cha saruji" amuulize kwanza mwenye saruji.

Na wakubwa wameanguka pia. Ubia wa Metabolix na ADM ulijenga mtambo wa PHA, plastiki inayotengenezwa na bakteria, wa tani 50,000 kwa mwaka, Clinton, Iowa, karibu na mahindi yote ya dunia, na ADM wakajitoa mwaka 2012 kwa sababu wanunuzi hawakuja kwa wingi uliotarajiwa. Danimer, kampuni nyingine ya Kimarekani ya PHA, iliomba kinga ya kufilisika Machi 2025. Duniani plastiki za aina hizi zote bado ni kama nusu ya asilimia moja ya plastiki inayozalishwa kila mwaka, ambayo inapita tani milioni 400.

Kwa hiyo punje zenyewe, yaani plastiki ghafi ambayo viwanda huyeyusha kutengeneza bidhaa, tusizitengeneze sisi. Nafasi ya Arusha na Moshi ni hatua inayofuata: kununua punje inayooza, kuichanganya na kitu cha hapa, na kutengeneza bidhaa ambayo kuoza kwake kuna faida kwa anayelipa. Hilo la mwisho ndilo kipimo. Mama anayenunua nyanya soko la Kilombero hapati shilingi yoyote kwa mfuko wake kuoza. Anaubeba hadi nyumbani, unatupwa na takataka, unaishia dampo. Isitoshe, katazo la 2019 lilifunga mifuko ya plastiki ya kubebea bila kujali unene, na soko lake limeshachukuliwa na mfuko usiofumwa wa gramu 70 kwa mita ya mraba, ambao, kwa taarifa ya wanaouita mbadala, ni polipropilini.

Mwenye miche ni mtu mwingine. Kiriba, yaani kifuko cha kuoteshea mche, kina kazi fupi na mwisho unaojulikana. Mche wa mti wa mbao unakaa kitaluni miezi minne hadi sita, wa kahawa sita hadi kumi na miwili. Siku ya kupanda, kiriba cha polietilini kinachanwa kwa wembe, udongo unamwagika, mzizi unashtuka, na kipande cheusi kinabaki shambani kwa sababu kibarua anayelipwa kwa idadi ya mashimo hana muda wa kuokota. Kiriba kinachooza kinaingia shimoni kama kilivyo.

Hesabu yake tuifanye kwa kiriba chenye upana wa sentimita 10 kikiwa bapa, urefu 20, unene wa mikroni 60 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Plastiki iliyomo ni sentimita za ujazo 2.4. Kwa polietilini ni gramu 2.2, lakini mchanganyiko wa wanga na PBAT ni mzito zaidi, hivyo ni gramu 3.05. Hapa ndipo wengi huteleza: wanalinganisha bei ya kilo, wakati mteja ananunua kipande. Tuseme nailoni ya polietilini iliyokwisha kupulizwa ni shilingi 6,000 kwa kilo na inayooza ni 12,000. Viriba 1,000 vya kwanza vitagharimu malighafi ya shilingi 13,200, vya pili 36,600. Bei ya kilo ni mara mbili, bei ya kiriba inakaribia mara tatu. Hata hivyo tofauti kwa mche mmoja ni shilingi 23. Kwa kiriba kikubwa cha parachichi ni 43 hivi, na mche wa parachichi uliobebeshwa huuzwa kwa maelfu. Hiyo ni nyongeza inayoweza kumezwa. Mfuko wa sokoni usingeweza.

Mshindani wa kweli hata si polietilini. Ni ganda la mgomba lililokunjwa na kushonwa kwa kijiti, ambalo wapanda miti wa milimani wamelitumia tangu zamani na halina ankara. Linashindwa pale tu miche inapokuwa maelfu, inapopangwa kwa mashine au kusafirishwa kwa lori kwenda Babati au Karatu. Muuzaji wa kiriba kipya awafuate wenye vitalu vikubwa, awaache wenye miche mia mbili.

Na upande wa pili wa hesabu: mashine ndogo ya kupuliza plastiki iliyoyeyuka iwe nailoni, inayotoa kilo 40 kwa saa, ikifanya kazi saa 8 kwa siku 250, inatoa tani 80. Hizo ni viriba zaidi ya milioni 26 vya ukubwa ule. Kabla ya kuagiza mashine, hesabu vitalu. Huenda ikawa busara zaidi kununua muda kwenye mashine ya mtu mwenye karakana ya nailoni ambayo tayari inapuliza, kwani mchanganyiko mzuri unapita kwenye mashine ya polietilini ya msongamano mdogo ikipunguzwa joto.

Utengenezaji wenyewe unastahili kuelezwa taratibu, maana humu ndimo fedha hupotelea. Sehemu 100 za wanga mkavu wa muhogo, gliserini 30, maji 10 hadi 15, asidi steariki 1 ya kulainisha. Changanya dakika kumi kwenye mikisa ya kasi, funika, acha usiku kucha ili punje za wanga zinywe gliserini. Wanaoharakisha hatua hii hupata nailoni yenye vidoti vyeupe, ambavyo ni wanga usioyeyuka, na kila kidoti ni tundu la kesho. Kisha ekstruda ya skrubu mbili, mashine inayoyeyusha na kusukuma mchanganyiko ndani ya pipa, joto likipanda kwa hatua: 80, 100, 130, 145. Kuelekea mwisho wa pipa pawe na tundu la kutolea mvuke. Ukiliziba, nyuzi za plastiki zitatoka zimejaa mapovu kama maandazi. Usizipoze kwenye beseni la maji kama ulivyozoea kwa polietilini, zitayanywa. Tumia mkanda na feni, kisha zikate ziwe punje.

Punje hizo zikaushwe hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 1, ndipo zichanganywe na PBAT, tuseme wanga 40 kwa PBAT 60, na kupulizwa kwenye nyuzi 140 hadi 155. Ikipanda kuelekea 180 wanga unaungua: rangi inakuwa kahawia na karakana inanuka karameli. Ndiyo, hiyo PBAT itatoka nje, na kwa kawaida ni ya petroli. Kiriba chako cha "mimea" kitakuwa na mmea chini ya nusu. Kiite kinachooza, usikiite cha mmea, na mteja mwerevu hatakukamata.

Umeme ukikatika wakati wanga uko ndani ya pipa, muda si mrefu unageuka mkaa, na itabidi skrubu ichomolewe na kusuguliwa. Jenereta iwe ya kutosha kumaliza kusukuma, hata kama haitoshi kuendelea na kazi. Kabla ya kuzima kwa hiari, pitisha polietilini ya msongamano mdogo hadi itoke safi, na kilo za kwanza za kesho yake zitengwe. Kuna pia ugonjwa wa ghala. Wanga ulioyeyushwa hujipanga upya polepole na kuwa mkavu wa kuvunjika, huku gliserini ikitokeza nje kama jasho. Robota lililolegea vizuri wakati wa masika linaweza kuchanika kama gazeti mwezi Januari. Fungasha lisipitishe hewa, uza ndani ya miezi michache, usilundike.

Wanga wenyewe uje kama unga mkavu. Muhogo mbichi huanza kuharibika ndani ya siku mbili tatu tangu kuchimbwa, hivyo kiwanda cha wanga kikae jirani na shamba, Handeni au Muheza, wala si Njiro, mjini Arusha. Wapo wanaopendekeza wanga wa ndizi mbichi kwa kuwa ndizi ziko mlangoni. Wajaribu kwanza kumwambia mtu wa Machame kwamba ndizi ya mtori inakwenda kufanywa kiriba.

Je, nailoni ya kufunika matuta ya nyanya na pilipili hoho? Inatajwa sana, na Ulaya ina kiwango chake, EN 17033, kinachodai asilimia 90 iwe imeoza udongoni ndani ya miaka miwili. Kwa hekta yenye eneo la kufunika mita za mraba 8,000, polietilini ya mikroni 25 ni kilo 184, shilingi milioni 1.1. Inayooza ya mikroni 15 ni kilo 152, shilingi milioni 1.8. Mkulima anaokoa nini? Kazi ya kuifukua, tuseme siku 20 za kibarua kwa 10,000, yaani laki mbili. Wengine huitandika polietilini msimu wa pili pia. Kwa bei za leo haitoki, ila kwa shamba la kuuza nje ambalo mnunuzi wake ameandika sharti hilo kwenye mkataba.

Kuna bidhaa nyingine inayolipa bila kuoza kabisa, nayo inairudisha katani kwa mlango wa nyuma: polipropilini iliyorejelezwa sehemu 67, nyuzi fupi za katani za daraja la chini 30, na sehemu 3 za kiunganishi cha maleiki, kwa sababu bila hicho plastiki na uzi havishikani na kreti linapasuka penye kona. Nyuzi zikatwe milimita 3 hadi 5, zikaushwe kwenye nyuzi 105 hadi unyevu uwe chini ya asilimia 2, na joto lisipite 200, la sivyo zinaungua na kunuka. Kreti la namna hii ni gumu kuliko la plastiki tupu na linaweza kushindana na tenga la nyanya linaloponda mzigo wa chini. Arusha ina TEMDO wanaojua kubuni mitambo na Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru yenye watafiti, kwa hiyo ukungu wa kufinyangia kreti na vipimo haviwezi kusemwa vinakosekana.

Nyonyo ni habari tofauti. Mafuta yake, ambayo ni karibu nusu ya uzito wa mbegu, hutengenezewa nailoni 11, plastiki ya mmea ambayo imeuzwa kwa faida tangu katikati ya karne iliyopita, kwa sababu inafanya kazi vizuri kwenye mabomba ya mafuta ya magari. Kwetu faida yake inaishia kwenye bei ya mbegu.

Turudi kwenye kiriba, maana kuna kosa moja litakaloua soko lake mapema. Wauzaji wa punje watakuletea PLA wakisema inaoza. Inaoza kwenye mboji ya viwandani yenye joto la nyuzi 58 hivi, na cheti cha EN 13432, kiwango kingine cha Ulaya, kinapima hali hiyo. Udongo wa Kibosho, chini ya migomba, hauna hata nusu ya joto hilo. Kiriba cha PLA kitafukuliwa huko miaka baadaye kikiwa kizima, na mwenye kitalu hatanunua tena cha aina yoyote. Kinyume chake, mchanganyiko wenye wanga mwingi utaachia chini kitaluni mwezi wa nne, mche wa kahawa ukiwa bado na nusu ya safari. Resipe ya tambarare ya Kahe na resipe ya Lyamungu, mlimani zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, haziwezi kuwa moja.

Kipimo chake hakihitaji maabara. Kausha viriba 60, vipime kimoja kimoja kwa mizani ya sehemu ya gramu, vitie kwenye vifuko vya neti, zika 30 Kahe na 30 Lyamungu kwa kina cha sentimita 15. Kila siku 30 fukua vitano kila mahali, osha, kausha, pima. Wakati huohuo weka vingine 100 kitaluni na miche ndani, vikimwagiliwa kama kawaida, na uhesabu vilivyopasuka kitako. Ukiona vya kitaluni vimeshikilia hadi siku ya 180 na vya udongoni vimepoteza zaidi ya nusu ya uzito kufikia siku hiyohiyo, una bidhaa ya miti ya mbao. Ya kahawa bado.